Siku nane za kula Lima

Jumamosi

Ndege ilitua saa tisa alasiri chini ya anga jeupe, halina jua wala wingu unaloweza kulionyesha kwa kidole. Wenyewe wanaliita panza de burro, tumbo la punda. Kuanzia Juni hadi Septemba Lima, mji mkuu wa Peru, hukaa hivyo. Mvua hainyeshi, ila kunashuka garúa, manyunyu membamba yanayotua kwenye nywele na kope. Ni mji wa watu kama milioni kumi, uliojengwa jangwani kando ya bahari baridi. Baridi hiyo ndiyo neema yake, maana mkondo wa Humboldt unaopanda kutoka kusini huja na chakula cha samaki, na samaki hukifuata.

Aliyenipokea ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyefundisha Tanga miaka mitatu na kula mchana kwa mama yangu pale Ngamiani karibu kila siku. Sisi watoto tulimwita Mama Mwalimu, na hadi leo simwiti kwa jina jingine.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeshiba ya ndegeni au twende tukale?"

Nikamwambia nina hamu ya ceviche, samaki mbichi wa ndimu. Akatikisa kichwa. "Usiku hapana. Samaki wa alfajiri huliwa mchana. Ukimkuta usiku, ujue kalala."

Sikubishana, maana maneno hayo nimekua nayo. Mama yangu ameuza chakula miaka ishirini na minane, na mteja akichelewa humwambia, "Sufuria imeisha, njoo kesho," wala habandiki nyingine. Alitufundisha kwamba mgahawa mdogo unaupima kwa sufuria zake: zikizidi, ipo iliyolala. Nimekuja Lima na kipimo hicho. Vijimgahawa vya huku visivyo na bango, ambavyo mtu huonyeshwa na jirani, vinaitwa huarique, na ndivyo vilivyonitoa nyumbani.

Usiku tukala pollo a la brasa, kuku wa kuzungushwa kwenye chuma juu ya makaa. Aliyemwanzisha ni Mswisi, Roger Schuler, huko Santa Clara nje kidogo ya mji, mwaka 1950. Sasa kila mtaa una moshi wake. Nililala na harufu ya mkaa vidoleni.

Jumapili

Misa tulisali Las Nazarenas, katikati ya mji. Kwenye madhabahu kuna ukuta wa udongo wenye picha ya Kristo msalabani, ambayo kwa masimulizi ya kanisa ilichorwa mwaka 1651 na mtumwa kutoka Angola. Mwaka 1655 tetemeko la ardhi liliangusha majengo ya pande zote, ukuta ule ukabaki umesimama. Kila Oktoba umati unavaa zambarau na kuifuata nakala ya picha hiyo barabarani. Nilikaa mbele yake hata watu wa misa ya pili wakaanza kuingia. Mtu kavushwa bahari kwa pingu, na leo mji mzima unapiga magoti mbele ya kazi ya mkono wake.

Nje, mkokoteni wa emoliente: kinywaji cha moto cha shayiri, mbegu za kitani na majani ya dawa, kinachokamuliwa ndimu na kumiminwa kutoka jagi hadi jagi mpaka kinavutika kama uji mwepesi. Kwa baridi ile kilinifaa sana. Kisha mkate wenye chicharrón, yaani kitimoto kilichochemshwa kwa maji ya chumvi hadi maji yakakauka, kikajikaanga katika mafuta yake chenyewe. Ndani ya mkate kuna vipande vya kiazi kitamu cha kukaanga, na juu yake sarsa criolla.

Sarsa criolla ni kachumbari. Kitunguu chekundu kilichokatwa nyuzi nyuzi na kuoshwa kwa chumvi, pilipili, ndimu, majani ya giligilani. Nimekaa hewani na kwenye viwanja vya ndege zaidi ya siku nzima, nikaja kupokewa na kachumbari. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga.

Jumatatu

Vibanda vingi vya ceviche vimefunga, kwa sababu wavuvi wengi hawaingii baharini Jumapili. Mama Mwalimu akanipeleka mtaani kwake, Lince, kwenye chumba kimoja chenye meza tano. Mchana watu wa Lima hula el menú. Mlangoni pana ubao wenye vyakula vya kuanzia viwili vitatu, na vya pili vitatu vinne. Unachagua kimoja kimoja, jagi la kinywaji linawekwa, na bei ni moja. Tulilipa soli 14 kila mmoja. Tulibanana meza moja na fundi umeme na karani. Kila anayeketi anasema "provecho", anawatakia wenzake mlo mwema, na anayeondoka anasema tena.

Nilianza na causa: viazi vya manjano vilivyopondwa na kukandwa kwa ndimu, mafuta na ají amarillo, pilipili ya rangi ya chungwa yenye harufu nyingi kuliko ukali. Katikati wanatia kuku aliyechambuliwa na parachichi, na huliwa baridi. Nikabaki nimeshika uma. Kwetu hivi ni viazi ulaya. Mahindi nayo tukayapa jina la Wahindi. Kumbe kwao viazi ni huku, kwenye milima ya Andes, kandokando ya ziwa Titicaca, na Peru ina zaidi ya aina 3,000. Tangu 1971 hapa Lima kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi kinachotunza mbegu zake. Mahindi, muhogo, pilipili, nyanya, karanga, vyote vilivuka bahari kutoka Amerika. Nimevila maisha yangu yote, nimevimenya na kuviuza, na sikuwahi kuuliza kwao ni wapi.

Cha pili nilichagua cau cau, utumbo wa ng'ombe uliokatwa vipande vya mraba, ukapikwa na viazi, manjano na nanaa. Utumbo naujua, mama huupika kwa ndizi. Nanaa ndiyo sikuitegemea. Inauondolea utumbo ule uzito wake, inauacha na ladha safi. Nimeandika kwenye daftari na kupigia mistari miwili.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, nikahesabu sufuria: nne. Saa nane na nusu mpishi akatoka akafuta cau cau ubaoni kwa kiganja.

Jumanne

Alfajiri tulipanda kombi kwenda Chorrillos. Konda ananing'inia mlangoni, anataja vituo vyote kwa pumzi moja, anahimiza "sube, sube, sube!", na anayeshuka anaambiwa atangulize mguu wa kulia. Ungenifumba macho ningeapa niko Kariakoo.

Kwenye gati la wavuvi mwari, wale ndege wakubwa wa majini, wanatembea kati ya watu kama kuku wa nyumbani, wanasubiri matumbo ya samaki. Akina mama wanaparua magamba kwenye meza za saruji. Wanauza bonito, ndugu wa jodari wetu, na lenguado, samaki bapa anayelala mchangani kama gayogayo. Mama mmoja mwenye aproni ya mpira alimfunulia mteja shavu la samaki kwa kidole gumba aone damu bado nyekundu. Mama yangu hufanya vile vile pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, kwa kidole kile kile.

Saa sita kasoro tuliketi kwenye kijimgahawa chenye meza sita, mwendo mfupi kutoka gatini. Niliomba kusimama karibu na mpishi, mwanamume wa makamo, akanisogezea kiti kwenye kaunta badala ya kunijibu.

Alikata samaki vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole gumba. Akavitia kwenye bakuli la chuma lililotoka kwenye barafu. Chumvi kwanza, akachanganya, akaonja nyama yenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Kisha pilipili ya ají limo iliyokatwa ndogo ndogo, majani ya giligilani. Halafu ndimu. Ni ndimu zile zile ndogo za kijani za kwetu, nyingi hulimwa Piura kaskazini. Akakata moja, akaikamua mara moja tu mpaka nusu, akaitupa. Akachukua nyingine, nusu tena, akaitupa. Kapu la chini likajaa ndimu ambazo kwetu tungeziona bado zina maji. Nikamuuliza kwa nini, Mama Mwalimu akanitafsiria: ukikamua hadi mwisho, uchungu wa ganda unashuka. Ndimu unaipa mkono mwepesi. Kitunguu kikaingia mwisho, akageuza mara tatu, sahani ikawa mbele yangu. Dakika tano hazikufika.

Samaki alikuwa mweupe nje na ndani bado anang'aa. Mimi ni mtoto wa pwani, sijala samaki asiyepita motoni. Nilikula. Kwanza chumvi, kisha ndimu, kisha pilipili inayokuja polepole kutoka nyuma ya ulimi, na baada ya vyote hivyo bahari. Pembeni ya sahani palikuwa na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa, na nikaelewa kazi yake baada ya kijiko cha tatu. Pilipili ikipanda, kiazi kinaituliza, unarudi tena. Palikuwa na choclo, mahindi ya kuchemsha yenye punje kubwa kama ukucha wa kidole gumba, na cancha, mahindi makavu ya kukaanga yanayovunjika kwa kishindo kinywani. Maji yanayobaki kwenye sahani wanayaita leche de tigre, maziwa ya chui milia. Hayamwagwi. Nilinyanyua sahani nikanywa.

Ndimu na kitunguu vililetwa na Wahispania. Kabla yao, inasemekana, watu wa pwani hii walitumia maji ya tunda la jamii ya pasheni. Zamani pia samaki alilowekwa kwa saa nyingi. Kumkata na kumpeleka mezani hapo hapo ni mkono wa Wajapani, ambao meli yao ya kwanza, Sakura Maru, ilifika na vibarua mwaka 1899. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza utaratibu wa kuandaa na kula ceviche kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kwa mpishi wangu mambo hayo yalikuwa mbali. Saa tisa aliosha ubao wa kukatia, akauegemeza ukutani, na watu wawili waliofika mlangoni akawaambia kwa upole kwamba samaki wameisha.

Jumatano

Mchana Calle Capón, mtaa wa Wachina. Kati ya 1849 na 1874 Wachina wapatao laki moja waliletwa Peru kwa mikataba ya miaka minane, wakafanya kazi kwenye mashamba ya miwa na pamba na kwenye visiwa vya mbolea ya ndege, kazi zilizokuwa za watumwa. Waliobaki walifungua jikoni. Migahawa yao inaitwa chifa, na maneno yao yameingia mpaka sokoni: tangawizi hapa ni kión, na mchuzi wa soya ni sillao.

Nilikula lomo saltado. Nyama, kitunguu na nyanya vinarushwa kwenye karai lenye moto unaopanda hadi ukingoni, vinatiwa sillao na siki, kisha wanachanganya na chipsi, na kando wanaweka wali. Chipsi na wali sahani moja! Lakini chipsi zinafyonza mchuzi, wali unadaka unaobaki, na hakuna kilichokaa bure.

Jioni rafiki wa Mama Mwalimu alitualika kwenye mgahawa mkubwa juu ya majabali ya bahari, taa nyingi, orodha ya kurasa kumi na mbili. Waliniletea ceviche. Samaki alikuwa mkavu, mweupe hadi moyoni, ameiva kwa ndimu tangu mchana. Nilikula kwa heshima ya mwenyeji, lakini kurasa kumi na mbili zilishaniambia kabla sijaonja.

Alhamisi

La Victoria, mchana: tacu tacu. Ni kiporo. Maharage ya jana na wali wa jana vinapondwa na kukaangwa pamoja, vinageuzwa kwenye kikaango mpaka vinakuwa kama mkate mrefu wenye ukoko nje na ulaini ndani, juu yai la kukaanga. Kiporo hiki hakipingi kipimo cha mama. Maharage yaliyolala yanakuwa mazito, na bila kulala hayashikamani. Wenyewe wanasema hiki ni chakula cha weusi wa Peru, wajukuu wa watu walioletwa utumwani, ambao minyororo yao ilifunguliwa kwa sheria ya Ramón Castilla mwaka 1854.

Jioni, Breña. Kona ya mtaa, jiko la mkaa refu kama meza, moshi unaonekana tangu njia panda. Mama wa kama miaka sitini, aproni nyeupe, kichwani kitambaa. Anauza anticucho, na anticucho ni mishikaki ya moyo wa ng'ombe. Moyo unasafishwa, unakatwa vipande bapa, unalala usiku kucha kwenye ají panca, pilipili nyekundu iliyokaushwa, pamoja na siki, kitunguu saumu na binzari nyembamba. Kwa masimulizi yao, mabwana walichukua nyama nono, moyo na matumbo vikaachwa kwa watumwa. Kilichoachwa ndicho kinachopangiwa foleni sasa, na foleni yenyewe ilikuwa na watu wa kila rangi.

Nilichokikazia macho ni brashi yake. Amechukua maganda makavu ya mahindi, akayafunga kwa kamba upande mmoja, upande wa pili akayachana nyuzi nyuzi. Anaichovya kwenye bakuli la mafuta na ají panca, anapitisha juu ya mishikaki yote kwa mkupuo mmoja, moto unaruka, anarudi nyuma nusu hatua, mwili wake unajua moto utafika wapi. Ganda haliungui kwa sababu limelowa. Ukimpa brashi ya dukani, alisema, mafuta yanadondoka yote mahali pamoja.

Moyo si mgumu kama nilivyodhani. Una mvuto kidogo, kisha unakatika safi. Ulikuja na kiazi cha kuchemsha na mchuzi mkali wa pilipili na huacatay, jani lenye harufu inayofanana na nanaa na limau kwa pamoja. Niliongeza wa pili. Mama akaniangalia usoni, akauliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, Afrika, akaweka brashi chini. Akaweka mkono wake kando ya wangu, mbele ya mwanga wa makaa, akautazama. Wa kwake ulikuwa na rangi kama ya wangu. Alisema neno moja, "prima", binamu, akashika tena brashi, maana foleni ilikuwa inangoja.

Pembeni yake binti anakaanga picarones, unga wa boga na kiazi kitamu. Anachovya vidole majini, anachota unga, anatoboa katikati kwa kidole gumba na kuudondosha kwenye mafuta, pete inajiunda angani. Zinamwagiwa shira ya sukari guru. Ni kalimati iliyotobolewa. Nilikula nne nimesimama.

Ijumaa

Treni ya Línea 1 hadi mwisho wa njia upande wa kusini, Villa El Salvador. Mwaka 1971 familia zisizo na ardhi zilihamishiwa hapa kwenye mchanga mtupu, zikajenga mji kwa kupimiana viwanja na kuchimbiana. Wengi walikuwa watu wa milimani. Hakukuwa na kazi za kutosha wala chakula, basi akina mama wakaunganisha sufuria. Jiko la namna hiyo linaitwa comedor popular. Wanachama wanapika kwa zamu, wananunua kwa jumla, na wanauza sahani kwa bei ya chini kabisa. Wagonjwa na wazee wasiojiweza hawalipi.

Tulikula kwenye moja, chumba cha matofali chenye paa la bati. Sufuria zilikuwa mbili. Supu ya kinoa, kisha olluquito, kiazi cha milimani chenye ngozi ya manjano yenye madoa ya waridi, kinachokatwa nyuzi na kupikwa na nyama kavu. Kinateleza kidogo kama bamia. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke mweusi anayecheka, María Elena Moyano. Aliongoza shirikisho la wanawake wa hapa, akawa naibu meya, akasimama waziwazi kuwakataa wapiganaji wa Sendero Luminoso, waasi wa kikomunisti, waliotaka kuyatia mkononi majiko haya. Walimuua tarehe 15 Februari 1992. Alikuwa na miaka 33.

Nilimuuliza mama wa zamu kama baada ya hapo walifunga. Alikuwa anakwangua sufuria, hakunyanyua uso. Kesho yake watoto walitaka kula, alisema, tukabandika. Mwaka 2020, ugonjwa ulipofunga kazi zote, mitaa hii ya pembezoni ilijaa ollas comunes, sufuria za mtaa, kuni chini na wanawake wakipokezana. Nilivua koti nikaosha vyombo pamoja nao hadi saa kumi. Mama Mwalimu alikausha.

Jumamosi

Ndege yangu ni usiku. Asubuhi tulipita soko namba moja la Surquillo. Nimenunua ají panca iliyokaushwa, na muuza mahindi amenipa fungu la maganda bure baada ya kusikia nayatakia nini. Mama Mwalimu alinionyesha jinsi ya kuyafunga, mara mbili, mpaka nikafunga mwenyewe bila kusaidiwa.

Tukaketi kwenye viti virefu vya muuza juisi. Hapa mteja humwita muuzaji casera, naye humwita mteja casera vile vile, neno moja kwa wote wawili. Nilichagua papai na chungwa. Bilauri ilijaa hadi ukingoni, nikanywa mpaka nusu, nikasikia Mama Mwalimu akinong'ona, "Omba yapa." Ni neno la Kikechua, na maana yake ni nyongeza.

"Casera, la yapa," nikasema.

Akanyanyua jagi la mashine, ambalo kumbe lilikuwa bado na robo aliyoniwekea tangu mwanzo, akamimina yote kwenye bilauri yangu.